Jumamosi yangu kilimani: mtaimbo, chungwa na mama wa dagaa

Saa 11:30 alfajiri. Goti la kushoto linaniamsha kabla ya simu. Jumatatu hadi Ijumaa natengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kazi ya kukaa kwenye kigoda na kukodolea macho skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Jumamosi natengeneza njia ya miguu kilimani. Goti halijazoea badiliko hilo, na mwaka wa pili huu.

Saa 12:20. Tunakutana chini ya mwembe, nyumba za mwisho za Kitangiri kabla mawe hayajaanza. Kundi letu la WhatsApp lina watu 41, na jana usiku karibu wote walituma alama ya msuli. Tumefika tisa. Babu, fundi mawe mstaafu, keshafika zamani na amekalia karai.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mwanangu. Leo umekuja na mikono, au umekuja na kamera tu?"

Nacheka, ila imeniingia. Wiki iliyopita tulijenga ngazi nne za mawe pale kona ya pili, mimi nikapiga picha jua likizama nyuma yake, ziwa linang'aa. Watu waliipenda sana ile picha. Nami niliipenda.

Saa 1:00. Tunapanda na sururu tatu, mitaimbo miwili, majembe, fyekeo na magunia ya takataka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa hazikusikia tangazo. Wanaopanda jioni kutazama machweo hubeba chupa zikiwa nzito, zikiwa nyepesi ndiyo zinawashinda. Pimbi wametoka kuota jua, wanatutazama kama wajumbe wa nyumba kumi.

Njia ya zamani ilipanda wima, kutoka mwembe hadi kileleni bila kona. Masika moja ikawa korongo la kufika gotini. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa miguu ya watu haiharibu njia kama maji yanavyoiharibu. Kanuni tunayofuata ni kwamba ukali wa njia usizidi nusu ya ukali wa kilima chenyewe. Ukizidisha, maji hayaikati njia na kwenda zake, yanaifuata hadi chini na kuondoka na udongo. Ndiyo maana njia mpya inakwenda ubavuni, inazunguka na kukata kona. Vijana wenye haraka wanailaumu.

Saa 2:00. Kipande cha leo ni mita kama kumi na tano, na vuli iko mlangoni. Tunachonga upande wa juu, tunafika kwenye udongo mgumu, tunaacha njia iinamie kidogo upande wa bonde. Kipimo chetu ni chungwa. Unaliweka katikati ya njia na kuliachia. Likivuka na kuangukia majani ya chini, maji nayo yatavuka. Likianza kukimbia na njia kama linawahi kivuko, rudi kwenye jembe. La leo limekimbia mara mbili, la tatu likavuka, kisha mtu akalila.

Saa 3:15. Mama anayeuza dagaa anapanda kutoka Mwaloni, beseni limejaa, shingo imenyooka. Anapeleka dagaa kwenye nyumba za upande wa pili wa kilima, na njia yake ndiyo hii hii yetu. Akafika kwenye ngazi zangu nne, zile za picha. Hakuzikanyaga. Alipinda pembeni, akapita kwenye nyasi na changarawe inayoteleza, kisha akarudi njiani juu yake. Na nyasi zilikwisha lala: si mara ya kwanza.

"Shikamoo mama. Mbona ngazi unazikimbia?"

"Marahaba. Hizi mmemjengea nani, mwanangu? Mimi beseni likiwa kichwani miguu siioni. Nanyanyua mguu hivi tu." Akaonyesha kwa mkono ulio huru, chini kabisa ya muundi. "Hizo zenu ni za twiga."

Akaenda zake. Babu akatoa futi mfukoni, akapima bila kusema neno. Sentimita 31. 28. 34. 29. Kisha akauchukua mtaimbo.

Nikiri kwamba nilinuna. Jumamosi nzima ilizama mle, na kucha moja ya kidole gumba.

Saa 4:30. Chai, mihogo ya kukaanga na pilipili. Jiwe limeshapata moto, huwezi kulikalia na suruali nyepesi.

Saa 5:00 hadi saa 8:00. Tunabomoa. Kijana mmoja anasimama chini kuzuia wapita njia, maana jiwe likiponyoka linakwenda kuwasalimu watu sebuleni. Ngazi nne zinakuwa saba, hakuna inayozidi sentimita 18. Kila jiwe linafukiwa theluthi yake, na la juu linakalia mgongo wa la chini ili uzito wa mtu uyabane yote pamoja. Babu anataka uso wa jiwe uinamie mbele kidogo, maji yasitulie juu. Pembeni tunapanga mawe makubwa yenye ncha, mtu asitamani kupinda. Hapo kwenye kupanga ndipo muda unapoishia: unazungusha jiwe moja mara sita kutafuta tumbo lake liko wapi, mikono inatetemeka, na babu anasema "bado".

Saa 9:10. Tunakusanya vifaa. Mama anashuka, beseni tupu kwapani, anaongea na simu kuhusu mtu aliyemkopa na hataki kulipa. Tisa wote tukanyamaza. Akashuka ngazi saba bila kupunguza mwendo wala kutazama chini, akatupita akiendelea kumsema mdeni wake.

Nikageuka kumpa babu mkono. Yeye alikuwa bado ametega sikio.

"La tatu limecheza," akasema. "Lete mtaimbo."