Kurekodi mavuno ya mwani Paje bila kubana video: uzoefu wangu

Mwani huvunwa maji yakipwa, na wakati wa bamvua Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Saa hiyo jua limeshapanda, maji ya kifundoni yanametameta, na kila kimeto kinahama mahali pake fremu kwa fremu. Mbinu nyingi za kubana video, yaani kupunguza ukubwa wa faili, hukisia fremu kutokana na ile iliyotangulia. Maji ya namna hiyo hayakisiki, basi picha inavunjika vijumba vijumba, hasa pale kijani cha mwani kinapogusana na mchanga mweupe. Ndiyo maana kazi hii naifanya bila kubana.

Mzigo wote unaangukia diski. Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080, rangi 4:2:2 ya biti 10 (rangi huhifadhiwa kwa nusu ya pikseli za kila mstari), ikipangwa kwa mtindo wa v210, mpangilio wa video isiyobanwa, ni baiti 5,529,600. Kwa fremu 25 hizo ni megabaiti 138 kila sekunde, karibu gigabaiti 500 kwa saa. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya terabaiti 1 hujaa kwa saa mbili. Mimi huibadilisha ikifika dakika 100, wala singoji.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee. SSD nyingi za bei nafuu huandika mbio katika sehemu ndogo ya akiba. Sehemu hiyo ikijaa kasi huporomoka, na nyingine hushuka chini ya megabaiti 100 kwa sekunde. Rekoda, mashine inayopokea picha ya kamera na kuiandika kwenye diski, haina pa kungojea, inadondosha fremu. Kila diski mpya naijaribu nyumbani: nafunga kifuniko cha lenzi, nawasha rekoda, naiacha irekodi mpaka diski ijae. Video isiyobanwa haina fremu nyepesi, giza lina uzito uleule wa bahari. Jaribio nalifanya mchana, feni ya chumba imezimwa, kwa sababu diski inayofaulu kwenye ubaridi huweza kushindwa juani.

Diski iandaliwe kwa exFAT, mfumo wa kupanga mafaili. FAT32, mfumo wa zamani, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na kwa kasi hii utalifikisha hapo kwa sekunde 31.

Pwani, joto na chumvi vinapingana. Ukiifunga rekoda kwa plastiki chumvi haiingii, lakini joto nalo halitoki, na SSD ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Mimi hufunga kitambaa cheupe juu ya tripodi kama kibanda, rekoda inaning'inia chini yake, matundu ya feni yameupa upepo mgongo. Kipindi cha kusi upepo unatoka baharini moja kwa moja, na baada ya saa moja hivi utaona ukungu mweupe kwenye ukingo wa tundu la BNC, lile la duara la waya wa video. Usiupulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu.

Waya wa kutoka kamera hadi rekoda nautumia wa SDI, waya wa video wa kitaalamu wa omu 75 unaoingia tundu la BNC, kwa kuwa kichwa chake hujifunga kwa kuzungushwa. HDMI haina kufuli: miguu ya tripodi ikididimia mchangani kidogo tu, waya unavutwa na picha inakatika. Ikiwa kamera yako haina tundu jingine, funga waya kwenye fremu ya kamera, sentimita chache kutoka kwenye tundu.

Kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi nayo huvuta jasho ikitoka nje. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo ufungue. Wakulima, wengi wao kina mama, hawatangoja lenzi ikauke. Maji yakianza kujaa kazi yao imekwisha, na yako pia.

Kunakili ni usiku. Terabaiti 1 kwenda SSD nyingine kwa megabaiti 400 kwa sekunde huchukua dakika 42. Kwenda diski ya kuzunguka, huweza kuzidi saa mbili. Nafanya nakala mbili, na kompyuta pamoja na diski zote ziwe kwenye betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati, faili hubaki nusu na jina lake kamili. Kwa hiyo silinganishi majina, nalinganisha hesabu ya MD5 ya kila faili, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yote yaliyomo ndani yake. Diski ambayo haijalinganishwa ina utepe mwekundu, na utepe ukiwapo diski hiyo hairudi kwenye rekoda.