Mwandiko kama kuku kaparura

Mwaka jana karibu kila wiki naitwa shule, mara mtoto hamalizi kuandika, mara analala juu ya dawati, mwisho mwalimu akanambia mama huyu mvivu mkazanie. Nikamkazania kweli, fimbo zikatembea, jioni tunakaa mezani saa zima kwa mistari mitatu na wote tunaishia kulia. Na akili anayo jamani, hesabu ukimuuliza kwa mdomo anajibu hujamaliza swali!

Jirani yangu nesi ndo akasema mpeleke tiba kwa vitendo, wenyewe hospitali wanaita OT, yani occupational therapy. Mi nilijua hiyo ni ya waliopata kiharusi. Tukamkuta kaka mmoja kasomea hospitali ya KCMC kule Moshi (kumbe kuna kozi yake kabisa), daftari hata hakuliomba kwanza, akamwambia dogo tembea kwa mikono na miguu kama dubu, simama mguu mmoja, fungua vifungo vya shati. Dakika haijaisha mikono inatetemeka.

Akanielewesha kwamba kuandika kunaanzia mgongoni na mabegani, bega likiwa legevu vidole vinaibana penseli kwa nguvu zote, mistari miwili tu vimechoka, na kule kulala kwenye dawati ni mwili umeshindwa kujibeba. Nikakumbuka zile fimbo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilitegemea dawa au mashine, nikapewa kazi za nyumbani. Aanike soksi na vibanio, akamue dekio, akande unga, achore ukutani kasimama na kipande kifupi cha chaki maana kikiwa kifupi hakishikiki kwa ngumi. Shuleni miguu ilikua inaning'inia so tukapeleka tofali la kukanyagia, na anaandikia daftari la hesabu lenye viboksi, herufi moja boksi moja. Ila msikopi tu, kwenye foleni nilikutana na mama ambae mwanae anaziba masikio darasa likiwa na kelele, yeye kapewa vingine kabisa, kusukuma ukuta na kubeba vitabu kabla ya kipindi.

Sasa ni mwezi wa tano tangu tuanze. b na d bado anazigeuza, ila anamaliza kazi darasani na mwalimu kaacha kuniita. Chapati za Jumapili anakanda yeye, zinatoka ngumu kidogo, tunakula hivohivo.