Pete ya kuhesabu jogoo kawika mara ngapi

Haya, leo naongelea kitu ambacho wanaume tunakisema kwa mafumbo tu, jogoo kapanda mtungi, jogoo hapandi mtungi. Miaka kadhaa nyuma wangu aligoma. Sio kila siku, ila mara za kutosha mpaka nikawa nawahi kulala ili mke wangu asije akanishtua. Mwishowe nikaenda hospitali, nimejipanga kabisa kusimulia habari za mawazo na kazi nyingi, daktari hata hakunisikiliza sana, akaniuliza, "Kijana wangu, usiku ukilala inasimama?" Sasa nitajuaje jamani na mi si nimelala!

Kumbe swali ndo hilo hilo. Mwanaume mwenye afya inasimama mara 3 mpaka 5 kwa usiku, kila mara karibu nusu saa hivi, kwenye kile kipindi cha usingizi ambacho macho yanachezacheza ndani ya kope, na wala sio lazima uwe unaota mapenzi, unaweza ukawa unaota unakimbizwa na mbwa na yenyewe ipo tu. Ile ya alfajiri tunayoisingizia mkojo mara nyingi ni ya mwisho kwenye foleni, umeamka ukaikuta. Na usingizini hakuna aibu wala hofu ya kuchekwa, kwa hiyo kama usiku inasimama vizuri ila ukiwa na mwenzio inalala, mara nyingi mwili uko sawa na shida iko zaidi kichwani. Kama hata usiku ni kimya, hapo waanze kuangalia mishipa ya damu, neva, homoni, kisukari, na dawa unazomeza.

Zamani walipima kwa stempu. Stempu za barua, sitanii, mwaka 1980 madaktari waliandika kabisa kwenye jarida lao: unazungushia mkanda wa stempu, unagundisha, asubuhi ukikuta umechanika pale kwenye vitobo basi ilisimama. Au ulijigeuza vibaya, nani anajua. Halafu 1985 ikaja RigiScan, na hiyo ndo mashine niliyopewa niende nayo nyumbani. Kiboksi unakifunga pajani, kinatoa vitanzi viwili, kimoja kinakaa kwenye shina kingine karibu na kichwa, na kila baada ya dakika kadhaa vinabana kidogo kupima ugumu halafu vinaachia. Jaribu kulala na kitu kinakukumbatia huko. Usiku wa kwanza nilikuwa nasikiliza ule mlio mdogo wa mota, zzz, natulia, zzz tena. Grafu ikatoka imelala kama barabara ya lami. Nilitokwa jasho pale kwa daktari, yeye akasema usiku mmoja hauhesabiwi, rudi nayo tena. Usiku wa pili vilima vitatu, na cha mwisho kirefu kweli, karibu na alfajiri. Nilitamani nikiweke fremu.

Ndo maana hizi pete za siku hizi zisizo na waya nazipenda, japo nina kinyongo nazo kidogo. Ni pete laini inayovutika, ndani ina kihisi kinachosoma jinsi ilivyotanuka, inatuma kwa Bluetooth kwenye simu, basi. Hakuna boksi, hakuna zzz, unaweza kuvaa usiku mwingi kitandani kwako mpaka mwili usahau, na hapo ndo unapata picha ya kweli maana usingizi mbovu unaharibu kila kitu, mtu anayekoroma mpaka pumzi inakatika anaweza akaonekana mgonjwa wa huku chini kumbe mgonjwa wa usingizi. Ila msichanganye na zile pete za kubana za kuzuia damu isirudi, hizo hata ukiwa macho usipitishe dakika 30, kulala nazo ndo kabisa usithubutu.

Kinyongo changu ni alama. Apu inakupa maksi kama mtihani, 82, 67, na nawajua wanaume wenzangu, watashindana. Wakati kipimo wanachotumia madaktari ni cha kawaida tu, ikifika ugumu wa asilimia 60 pale kwenye kitanzi cha karibu na kichwa na ikadumu dakika 10, mtambo unafanya kazi, nenda zako. Mi naona cha maana ni ikianza kushuka mwezi hadi mwezi. Mishipa ya huko ina upana wa milimita 1 mpaka 2, ya moyo 3 mpaka 4, kwa hiyo mafuta yakianza kuziba, mwembamba ndo unalia kwanza, na mara nyingi moyo unafuata miaka 2 mpaka 5 baadaye. Mtu anakimbilia kidonge cha buluu, Viagra, kinamsaidia, anafurahi, presha na sukari hajapima. Na kama anatumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua, hicho kidonge kinaweza kumuua.

Juzi nikanunua pete moja nijaribu. Apu yake kabla hata haijawaka ikaomba ruhusa ya kuona mahali nilipo, halafu majina yote kwenye simu yangu. Majina! Ya nini? Nikabonyeza hapana, ikauliza tena. Nikaifuta, pete iko kwenye droo ya soksi, mke wangu bado anadhani ni ya kufungia nywele.