Paa la asbesto lilipotufungia madarasa manne

Nilimkuta mtoto wa darasa la nne amechuchumaa kibarazani, anachora lori sakafuni kwa kipande cha paa. Kinaandika vizuri kama chaki. Wenzake walikuwa wamejaza vyao mifukoni.

Mvua ya mawe ilikuwa imetupiga usiku hapa Tororo, Uganda, ikavunja mabati ya asbesto ya jengo letu la zamani. Tunayaita mabati, ingawa ni saruji iliyochanganywa na nyuzi. Likiwa zima huko juu halina fujo. Likivunjika au likitobolewa ndipo linatoa vumbi la nyuzi zisizoonekana kwa macho, zikaingia mapafuni na kukaa. Saratani yake yaweza kuja baada ya miaka 20, hata 40. Sasa kamweleze hayo mzee aliyesomea chini ya paa hilohilo! "Mwalimu, mbona mimi ni mzima?"

Nilifunga madarasa manne asubuhi ile, lakini nilikuwa nimechelewa: wa zamu walishafagia. Ufagio mkavu ndio unaorusha lile vumbi. Tukamwagia maji, tukazungusha kamba, tukawasubiri watu wa wilaya waje na ovaroli na barakoa zao.

Darasa la saba nikaliingiza ofisini kwa walimu, maana mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwezi wa kumi na moja haungoji paa. La tatu na la nne wakaenda kanisani, na kila Ijumaa jioni tulipanga upya mabenchi ili Jumapili mchungaji asinune. Wadogo walikaa chini ya mwembe mpaka saa sita, kisha nyumbani.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa vipande vilivyoondoka usiku kwenda kuezeka mabanda ya kuku. Nilizunguka na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nyumba kwa nyumba, tukiapa kwamba hatumshtaki mtu. Wengi walikana huku banda linaonekana. Bibi mmoja akakiri bila kusitasita.

"Usisumbuke, baba. Kesho nitalipasuapasua liingie kwenye gunia, nikuletee kichwani."

Nilimshika mkono palepale. Tulililoanisha kwa ndoo tatu za maji, tukalifunika kwa nailoni, na kuku wake wakalala jikoni kwangu wiki mbili.