Kidonge kimoja, lita 20: nilivyopata maji ya kunywa tukitembea Usambara

Tumbo ndilo lililonifunza adabu. Miaka michache nyuma tulipanda Uluguru kupitia Morningside, lile jengo la zamani la Wajerumani juu ya mji wa Morogoro, na tulipofika kwenye kijito nikainama nikanywa kwa viganja. Maji yalikuwa ya baridi, yanametameta, yanaruka juu ya mawe. Nilikuwa naamini, kama wengi wetu, kwamba maji yanayokimbia hayakai na uchafu. Juu ya kijito kile kulikuwa na migomba, mashamba na nyumba za watu, na penye nyumba pana choo. Sikuviona kwa sababu sikutazama juu.

Siku kumi zikapita. Nilisharudi Dar, nimesahau hata njia yenyewe, nikaanza kucheua harufu ya yai viza. Kilichofuata sikisimulii, walioumwa wanakijua. Maabara wakakuta giadia, kijidudu cha tumboni, kwenye choo, nikapewa vidonge vya metronidazo, na wiki nzima mdomo ukawa na ladha ya sarafu. Nilishangaa kwamba ugonjwa ulichukua siku zote hizo kujitokeza, lakini ndivyo giadia ilivyo: wiki moja, mbili, hata tatu. Ndiyo maana mtu husema "mbona mimi nilikunywa na sikuumwa", kisha akija kuumwa analaumu chipsi za jana.

Kwa hiyo tulipopanga kutembea Usambara, kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi hadi Mtae, nikajipa kazi ya maji. Tulikuwa wanne: mimi, binamu yangu na wenzangu wawili wa kazini, pamoja na mwongozaji tuliyempata Lushoto. Kila mtu anywe walau lita tatu kwa siku, na lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni. Kubeba maji ya dukani ya siku nne haikuwezekana. Madukani njiani yapo, ila si kila kijiji, na chupa tupu tungezitupa wapi?

Wazo la kwanza lilikuwa kuchemsha, maana ndilo tulilolelewa nalo. Mama yangu hanywi maji ambayo hayajachemka hadi leo. Na kusema kweli hakuna njia inayoishinda kwa kuua vijidudu: bakteria, virusi, giadia na amiba, wote wanakufa. Wengine wananiambia mlimani maji huchemka kabla hayajawa ya moto vya kutosha. Ni kweli yanachemka mapema, kwenye mita 1,500 ni kama nyuzi 95 badala ya 100, lakini vijidudu hivyo havifiki hata huko. Yakitokota dakika moja yanatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika tatu.

Shida ya kuchemsha ni shughuli yake. Msitu wa Magamba ni hifadhi, huokoti kuni ukawasha moto unapojisikia. Mitungi midogo ya gesi ya jiko la safari nilizunguka nayo Kariakoo nikapata miwili tu, na hiyo nilitaka iivishe wali na chai. Halafu yale maji yanapoa lini? Jioni ya kwanza nilichemsha sufuria, nikakosa subira, nikayamimina yakiwa bado yanafuka kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Chupa ikanywea mbele ya macho yangu kama puto lililotobolewa, shingo ikapinda, kifuniko hakikuingia tena. Binamu yangu alicheka hadi akakaa chini. Tukabaki na chupa pungufu moja kwa safari nzima.

Wazo la pili lilikuwa vidonge vya klorini, vya WaterGuard, ambavyo kila duka la dawa linavyo. Vyepesi, havina betri, havihitaji moto. Nikanunua bila kusoma. Usiku ule wa chupa iliyonywea, tochi ikiwa kichwani, ndipo niliposoma: kidonge kimoja kwa lita 20 za maji meupe, subiri nusu saa, maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa na utie viwili. Lita 20! Kidonge kimetengenezwa kwa ajili ya dumu la nyumbani, wala si kwa mtu mwenye chupa ya lita moja na nusu mkononi. Vipo vya lita moja pia, ila duka nililoingia lilikuwa na vya dumu tu.

Nikafanya ujanja. Kwa ukucha nikakikata kidonge katikati, kipande kimoja kikaruka gizani, kingine nikakitumbukiza kwenye chupa. Asubuhi nilipofungua kifuniko, harufu ilinipiga usoni kama bwawa la kuogelea la hoteli. Hesabu nilikuja kuifanya nimechelewa: dozi ya lita 10 ndani ya lita moja na nusu, karibu mara saba ya inayotakiwa. Tukayafulia soksi.

Kifaa cha tatu alikuwa nacho mwenzetu mmoja: kalamu ya mwanga wa urujuanimno (UV), unaitumbukiza kwenye chupa unakoroga dakika moja na nusu na maji yako tayari. Inapendeza. Ila inataka maji yasiyo na tope, kwa sababu kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya udongo hakipigwi na mwanga, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza, vijito vyote rangi ya chai ya maziwa. Siku ya pili betri ikaisha, hadithi yake ikaishia hapo. Njia ya kulaza chupa juani kwa muda wa saa sita nayo naijua, inafanya kazi kweli, lakini jua la Usambara mwezi wa kumi na moja ni la kubahatisha, na mtu anayetembea halali juani.

Nilichokitegemea ni kichujio cha kukamua, kile unachokikaza mdomoni mwa chupa kisha unaikamua maji yapite, ndani kina nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, ufundi uliotoka kwenye mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Uzito wake hauzidi yai moja au mawili. Vitundu vyake ni vya maikroni 0.1, yaani ukigawa milimita moja vipande elfu kumi, kitundu ni kipande kimoja. Giadia ni kubwa mara themanini au mia ya hapo, bakteria nao hawapiti. Virusi ndio wanaopita: kile cha homa ya ini aina ya A, kwa mfano, ni kidogo kuliko kitundu mara tatu au nne.

Mtu atasema virusi si tatizo la milimani, na katika nchi zisizo na watu porini huenda ana haki. Milima yetu ina watu. Usambara kuna nyumba kila kilima, watoto, ng'ombe, vyoo vya shimo. Kwa hiyo nikaanza kuviona kichujio na kidonge kama watu wawili wanaozibiana matundu: klorini inaua virusi na bakteria lakini kriptosporidiamu, kijidudu kingine cha kuharisha, haikiwezi, na giadia inaisumbua hasa maji yakiwa ya baridi, kichujio kinawazuia hao wawili ila virusi kinawaachia. Uchuje kwanza, ndipo utie dawa. Ukitia dawa kwenye tope, klorini inaishia kupambana na tope.

Mambo madogo ya kichujio hakuna aliyenieleza dukani. Si kila chupa ya maji inakubali uzi wake wa kukazia. Nilijaribu tatu Dar kabla sijapata inayofunga bila kuvuja. Chupa ya maji machafu lazima ibaki ya maji machafu, nikaifunga uzi mwekundu shingoni, na bado siku ya pili mtu akainywea. Na kikiziba, kinasafishwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano, ambalo mimi nililiacha mezani nyumbani. Udongo mwekundu wa Lukozi ulikifanya kitoe maji tone kwa tone. Kilichotuokoa ni kuyaacha maji kwanza yatulie kwenye sufuria, kisha kuyapitisha kwenye kanga iliyokunjwa mara nne, ndipo yaingie kwenye kichujio. Kanga ilikuwa ya binamu yangu, naye aliitoa kwa masharti.

Lakini kilichonibadilisha hasa hakikuwa kifaa. Bonde la Lukozi ni la mboga: kabichi, karoti na viazi hadi kwenye ukingo wa mifereji. Tulifika mchana chupa zikiwa tupu, nikashuka mferejini, nikapiga goti nichote. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia akaniona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Usichote hapo."

Nikamwonyesha kichujio, nikamweleza kwa fahari kwamba kinazuia kila kijidudu. Akakitazama kwa heshima, kisha akanyoosha jembe kuelekea juu. Hatua kama thelathini mbele kijana alikuwa anasuuza bomba la kupulizia dawa, lile la mgongoni, na majini palipandisha povu jeupe linakuja taratibu upande wetu. Kwenye majani karibu na goti langu kulikuwa na pakiti tupu ya dawa ya wadudu, imekatwa kona. Nilikuwa nimeiona, nikaidhani takataka tu.

Niliona aibu zaidi kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nimekulia chini ya Mlima Meru, ambako meno ya kahawia hayashangazi mtu. Maji ya kule yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Yanang'aa, hayana harufu, na ukiyachemsha unaizidisha tu, kwa kuwa maji yanapungua na floridi inabaki. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanyia kazi kwa miaka mingi njia ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Tangu utoto najua kuna vitu ndani ya maji ambavyo moto hauviui kwa sababu havina uhai. Sumu inayopuliziwa mboga ni hivyo hivyo. Moto, klorini na mwanga havina habari nayo, na vitundu vya maikroni 0.1 kwake ni mlango wazi.

Bibi akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa hivi, akamtuma atupeleke. Tulipanda robo saa, tukayapita mashamba yote, hadi penye miti mikubwa chemchemi inapotoka kwenye mwamba na watu wamechomeka kipande cha mgomba kiwe mfereji. Mtoto akakinga mkono akanywa. Mimi nikatoa kichujio nikachuja, akawa ananiangalia kama anayeangalia mtu anayeosha sabuni. Kuanzia hapo nikawa kila penye maji namuuliza mwongozaji swali moja kabla ya kutoa kifaa chochote: huko juu yanakotoka kuna nini?

Suala la kidonge nalo lilipata jibu Rangwi, na nalo lilitokana na mwenyeji. Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa na madumu ya maji ya bomba la kijiji ukutani jikoni. Mama mwenye nyumba alituambia yeye huyachemsha kwa ajili ya wageni, ila kuni zimelowa. Nikamwomba dumu moja. Nikatia kidonge kimoja kizima, bila kukata, bila hesabu, nikafunga na kulitikisa. Baada ya nusu saa yalikuwa na harufu ndogo tu ya klorini. Tukajaza chupa zetu zote za kesho, na zikabaki lita nane hivi tulizomwachia. Kidonge cha dumu kilikuwa kinataka dumu, basi. Usiku uliofuata Mtae tukafanya vile vile.

Kwa wanaochukia ladha ya klorini: mkamulie ndimu, lakini baada ya ile nusu saa kupita. Ukiikamua mapema, vitamini C inaimaliza klorini kabla haijafanya kazi yake. Binamu yangu alikamua mapema, tukalazimika kuanza upya.

Mtae tulifika siku ya nne alasiri, ukungu ukafunguka dakika chache tukaona tambarare ya Mkomazi chini kabisa na Milima ya Pare ng'ambo. Hakuna aliyeumwa, wala siku hiyo wala wiki tatu baadaye. Nilikuwa nahesabu.

Sasa begi langu lina kichujio, bomba la sindano limefungwa nacho kwa mpira ili nisilisahau, vidonge vya dumu kwa ajili ya malazi na vya lita moja kwa ajili ya njiani, na kanga yangu mwenyewe. Jiko linabaki la chakula, labda mmoja wetu awe mgonjwa au mjamzito, hapo nachemsha bila kubishana.

Mwezi wa saba tunataka kutembea kutoka nyanda za juu za Ngorongoro kushuka hadi Ziwa Natron. Nimeshaongea na Mmasai mmoja anayewapeleka watu huko, nikamuuliza lile swali langu la maji yanatoka wapi. Akaniambia huko chini ni magadi, nisijisumbue na kichujio, nihesabu punda wa kubeba maji.