Kuulea Ufa

Jumanne, saa nne usiku.

Leo nimefungua kipande cha 14 cha chuma cha bomba. Huku maabara tunasema kufungua, lakini hasa ni kukivunja. Jana mashine ilikivuta mpaka ufa ukatembea. Leo asubuhi nikakitia kwenye tanuri la nyuzi 300, hewa ya moto ipenye ndani na kuipaka rangi sehemu iliyokwisha chanika. Kikapoa, nikakizamisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, mvuke mweupe ukatanda meza nzima, nikakigonga. Chuma ambacho jana kilivutika kama ulimbo kikakatika kama kigae.

Ndani yake panasomeka. Unaanza mkato uliochongwa. Unafuata utepe laini, ule ufa wa uchovu tuliouanzisha wenyewe kwa kukivuta na kukilegeza maelfu ya mara. Kisha mchaniko wenyewe, wenye rangi ya buluu inayokaribia zambarau, na mwisho sehemu iliyovunjwa na baridi, inametameta kama chumvi ya mawe. Mpaka wa buluu haukunyooka, umepinda kama ukucha wa dole gumba: katikati ya unene wa kipande ufa umetangulia, kandokando umechelewa. Anayeutazama kwa nje tu hajui umefika wapi.

Nikaupima kwa hadubini mahali tisa. Vipimo viwili vya kingoni hutafutiwa wastani wao kwanza, wastani huo ukaingia pamoja na saba vya ndani, jumla ikagawanywa kwa nane. Nikapata milimita 2.10.

Umeme ulikuwa umeniambia 2.02.

Wakati wa jaribio hakuna anayeweza kuchungulia ndani ya chuma, kwa hiyo tunauliza umeme. Tunapitisha mkondo usiobadilika kwenye kipande, na nyaya mbili nyembamba zilizochomelewa huku na huku ya mkato zinapima volti. Ufa ukikua, njia ya umeme inakuwa finyu na volti inapanda. Lakini tunazungumzia sehemu za milioni za volti, na hata joto la chumba linaweza kukuchezea. Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa nje, mtu alifungua mlango mkubwa wa karakana, mstari kwenye skrini ukaruka, nami nikaandika kwenye daftari kwamba ufa umeanza. Haukuwa umeanza. Tangu siku ile nageuza mwelekeo wa mkondo kila baada ya sekunde chache, ili volti zinazoletwa na joto zifutane, na nina jozi nyingine ya nyaya mbali na ufa ya kulinganishia.

Tofauti ya 0.08 inakubalika. Viwango vya upimaji vinaruhusu kubwa zaidi ya hiyo, na fundi mzee tunayefanya naye kazi aliniambia niandike ripoti niende nyumbani. Sikuweza. Nilikichukua tena kipande, nikatia kalipa kwenye mabaki ya nyaya: kati yake kuna milimita 8. Kwenye kompyuta, inayotumia umbali huo kugeuza volti kuwa urefu wa ufa, nilikuwa nimeandika 6. Nikaweka 8, nikapiga hesabu upya, ikaja 2.10.

Kilichonikosesha raha ni upande ambao kosa lile liliegemea. Ukiuhesabu ufa mfupi kuliko ulivyo, inaonekana chuma kimedai nguvu nyingi zaidi kwa kila milimita iliyochanika. Kinatoka kwenye karatasi kikiwa kigumu kuliko kilivyo. Mhandisi atakayeamua kama kasoro fulani kwenye maungio ya bomba iachwe au ikatwe, ataisoma karatasi ile. Majaribio ya bomba zima, ya kulikunja mpaka liachie, ni ghali na hufanywa mara chache, kwa hiyo maamuzi mengi yanasimama juu ya vipande vidogo kama hivi vyangu.

Jioni nikampigia Mama, Tanga. Nilipokwisha kumwamkia akauliza leo nimefanya nini, nikajaribu kumweleza. Akanyamaza kidogo.

“Mwanangu, ufa huzibwa. Wewe unaulea?”

Ndiyo, Mama, naulea. Naulisha polepole, niujue unavyokula chuma, ili ule usiolelewa na mtu usije ukatushtukiza. Yeye anaishi karibu na Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443. Chuma ninachopima si cha bomba lile, na nilimwambia hivyo. Hata hivyo tangu alipokata simu nimekuwa nikiwafikiria watu wanaolala jirani na mabomba, wasiojua kwamba kuna namba ya nyaya mbili mahali fulani, 6 au 8.

Vipande 13 vilivyotangulia vipo kwenye kabati, kila kimoja na nusu zake mbili kwenye mfuko wenye vidonge vya kunyonya unyevu. Vyote niliviandikia 6. Kesho nawahi saa moja, naanza na cha kwanza.