Esbjerg: Kabla ya Upepo, Kwanza Gati

Treni ya Copenhagen hadi Esbjerg huikata Denmark kutoka mashariki hadi magharibi kwa takribani saa tatu. Sehemu kubwa ya njia ni mashamba bapa, sina la kusema juu yake. Pa kuinua macho ni mahali pamoja tu, mlangobahari wa Storebælt. Treni huzama kwenye handaki chini ya bahari, ikaibukia kisiwa cha Sprogø, na hapo upande wa kaskazini mitambo saba ya kufua umeme kwa upepo imesimama majini. Nilibandika uso dirishani. Abiria wenzangu hawakuigeukia hata kidogo. Kwao ile ni sawa na nguzo za simu.

Safari yangu ilikuwa na shabaha moja. Karibu kila habari ya umeme wa upepo wa baharini huanzia baharini: minara mirefu, mawimbi, wanaume waliovaa makoti ya rangi ya chungwa. Mimi nilitaka kuona kinachotangulia hayo yote, yaani bandari. Na kwa jambo hilo, Esbjerg ndiyo mwalimu.

Mji wenyewe ni zao la kushindwa vita. Mwaka 1864 Denmark ilipoteza majimbo ya Schleswig na Holstein, na pamoja nazo bandari zilizoiwezesha kufika Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1868 ikapitishwa sheria ya kujenga bandari mpya mahali ambapo palikuwa na nyumba chache tu. Kwanza yakapita mazao ya wakulima kwenda Uingereza, kisha samaki, hadi Esbjerg ikawa bandari kuu ya uvuvi nchini. Miaka ya 1970 ikaingia mafuta na gesi. Halafu, mwaka 2002, shamba la upepo la Horns Rev 1 likajengwa nje ya pwani hii, mitambo 80. Tangu hapo wavuvi wamepungua na mapanga ya mitambo, yaani mabawa yake yanayozungushwa na upepo, yameongezeka.

Bandari imezungushiwa uzio, wala mgeni haingii kwa kutaka tu. Mwenyeji wangu, mhandisi mstaafu aliyepitisha miaka mingi magatini, aliniombea kibali. Tulipofika Østhavn, yaani Bandari ya Mashariki, nilikuwa nimejiandaa kustaajabia urefu wa mapanga. Ni marefu kweli: yamelazwa juu ya fremu za chuma, na ukitembea kutoka shina hadi ncha unaona kama hayaishi. Lakini yeye hakuyatazama. Alipiga kisigino chini mara mbili, akasema, "Angalia hapa kwanza."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Uwanja wa kawaida wa makontena hubeba tani chache kwa kila mita ya mraba. Vipande vya minara hapa husimamishwa wima na kuunganishwa gatini kabla ya kupakiwa, na kreni inayovinyanyua nayo ina uzito wake wa kutisha. Ardhi isipoimarishwa ibebe makumi ya tani kwa kila mita ya mraba, itatitia. Kisha kuna meli. Meli za kusimika mitambo hushusha miguu yake ya chuma hadi sakafu ya bahari na kujiinua juu ya maji, tena hata zikiwa gatini, ili zisiyumbe wakati wa kupakia. Kwa hiyo hata udongo ulio chini ya maji, mbele ya gati, lazima uandaliwe ili mguu usije ukazama ghafla. Tena minara inasafiri ikiwa imesimama. Bandari iliyo nyuma ya daraja, hata liwe limeinuliwa juu namna gani, imejifungia mlango.

Nikauliza kwa nini wasilete vitu kidogo kidogo, meli inapofika ndipo vije. Akacheka. Panga haliinuliwi upepo unapopita kama mita 10 hadi 12 kwa sekunde, na shamba la upepo hujengwa mahali palipochaguliwa kwa sababu upepo haupungui. Kazi baharini husimama siku kadhaa, lakini viwanda havisimami, vinaendelea kuleta. Vyote hivyo vitalala wapi? Hapa. Na kukodi meli ya kusimika ni ghali mno kuiacha isubiri mzigo. Mzigo ndio unaoisubiri meli. Ndiyo maana bandari ya upepo inakula ardhi kuliko bandari ya makontena, ambako sanduku hupangwa juu ya sanduku.

Østhavn ilizinduliwa mwaka 2013, mita za mraba 650,000. Mtu angedhani pametosha. Lakini tazama: Horns Rev 1, kwa mitambo yake 80, ilikuwa na uwezo wa megawati 160. Horns Rev 3, iliyozinduliwa mwaka 2019, ina mitambo 49 tu, nayo inafikia megawati 407. Kipenyo cha duara la mapanga kimetoka mita 80 hadi 164. Mitambo imepungua idadi, ila kila mmoja unataka nafasi, gati na kreni ambazo bandari ya mwaka 2002 haikuziota. Kinachopanuliwa leo huanza kuwa kidogo kabla saruji haijazeeka.

Jioni nilipanda kivuko cha kwenda kisiwa cha Fanø. Ni dakika kumi na mbili tu, lakini ndizo zilizonionyesha upande wa pili wa mambo. Nyuma yangu bandari ilijitandaza yote, kreni na minara. Mbele yangu mafungu ya mchanga yalikuwa yameanza kuchomoza kwa maji kupwa, na juu ya moja walilala sili. Hii ni Bahari ya Wadden, ambayo upande wake wa Denmark uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014. Meli zote huingia kwa mkondo mmoja, Grådyb, unaopita kati ya mafungu hayo, na mchanga haukomi kurudi. Lazima uchimbwe tena na tena. Kila anayetaka bandari kubwa hapa, hata akiitaka kwa ajili ya nishati safi, anajibizana na mchanga huo na viumbe wake. Sioni namna ya kulikwepa hilo, na wanaosema upepo hauna gharama kwa mazingira wangefaa wapande kivuko hiki.

Labda kwa sababu hiyo, bandari imejaribu pia kupanuka bila kuongeza ardhi. Mwaka 2022 ilitangaza kwamba, baada ya kuiga shughuli zake zote ndani ya kompyuta na kupanga upya njia na sehemu za kuweka mizigo, ingeweza kupandisha uwezo wake wa kupitisha mitambo ya upepo kutoka gigawati 1.5 hadi 4.5 kwa mwaka. Mwaka huohuo, mwezi Mei, viongozi wa Denmark, Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji walikutana papa hapa Esbjerg na kuahidi gigawati 65 za umeme wa upepo wa baharini ifikapo 2030, na 150 ifikapo 2050.

Kisha Denmark ikatangaza zabuni ya gigawati 3 katika Bahari ya Kaskazini. Muda ulipokwisha, Desemba 2024, hakuwa amejitokeza mzabuni hata mmoja. Nilimtajia mwenyeji wangu jambo hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema gati hujengwa kwa miaka, na wawekezaji hubadili nia kwa wiki moja. Ukingoja oda ndipo ujenge, umechelewa. Ukijenga kabla ya oda, unalipa riba ya uwanja mtupu.

Siku ya mwisho tulikwenda Blåvand, ncha ya magharibi kabisa ya nchi, tukapanda mnara wa taa wa mita 39. Anga ilikuwa safi, na kilomita 14 hivi kutoka pwani Horns Rev 1 ilionekana, safu kwa safu. Nilimuuliza itakuwaje itakapochoka. Akanikumbusha Vindeby, shamba la kwanza la upepo wa baharini duniani, lililojengwa mwaka 1991 likabomolewa mwaka 2017: mitambo yake 11 ililazimika kurudishwa nchi kavu, bandarini Nyborg. Mitambo hii 80 nayo itarudi siku moja, kipande kwa kipande, na itahitaji gati wakati uleule mitambo mipya inapopanga foleni ya kutoka. Alikuwa ameshaanza kukadiria kwa vidole ni mita ngapi za mraba zitahitajika, na hesabu hiyo ilituchukua njia nzima ya kurudi Esbjerg.